Kura ya Darasani: Rimoti, Simu au Kadi ya Boksi?

Chukua swali hili ulipeleke kwenye ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia mbili. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipata joto kwa miongo mingi. Kwa nini joto hilo linapunguza ndagala, dagaa wa ziwa hilo? A: samaki wanahamia kusini kutafuta ubaridi. B: joto linaharibu mayai yao. C: maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na virutubisho vinabaki kilindini. D: mvua imepungua, mito haileti rutuba.

Kijana wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya ziwa hilo, ambaye baba au mjomba wake hutoka na taa usiku usio na mwezi kwenda kuvua hatangoja chaguo la nne lisomwe. Ana jibu tayari. Ningeweka dau kwamba wengi wa aina yake wataanza na A au B, maana mtu akiulizwa habari za samaki humfikiria samaki, hayafikirii maji. Jibu ni C. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini hewa ya oksijeni inapatikana katika mita mia moja hadi mia mbili za juu tu. Rutuba imelala chini, na ili ipande juu kuvilisha vijimea vinavyoanzisha mlolongo mzima wa chakula, inategemea upepo wa kiangazi uyavuruge maji. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vijimea hivyo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa asilimia 30. Wapo wataalamu wanaosema nyavu zina lawama kubwa kuliko joto, na hapo ndipo darasa zuri lingeanzia.

Sasa mhadhiri ameshayaeleza yote hayo kwa Kifaransa, dakika arobaini mfululizo, anageuka na kuuliza: mmeelewa? Ukumbi mzima unaitikia kwamba umeelewa. Sidhani kama kuna chuo Afrika Mashariki kisichoijua sauti hiyo, wala mhadhiri mkweli anayeiamini. Mtihani ndio utakaofichua nani alikuwa ameachwa wapi, na siku hiyo kozi imekwisha.

Dawa inayonadiwa kwa ugonjwa huu ni kura ya papo kwa papo. Kila mwanafunzi ana kirimoti chenye vitufe vya A hadi D, au anafungua Kahoot!, Mentimeter au Slido kwenye simu yake. Swali linatokea ukutani, watu wanabonyeza, na baada ya sekunde chache mhadhiri anaona kwa macho yake kwamba asilimia arobaini wamechagua B. Hakuna pa kujificha, yeye wala wao. Linalobaki kuamuliwa ni kama vyuo vya Bujumbura, ambako vijana wengi wa Rumonge, Nyanza-Lac na Kabezi huenda kusoma, vitie fedha zao chache humo. Kwa maoni yangu kura ianze hata muhula ujao. Mtambo usubiri, na sababu haiko kwenye umaskini peke yake.

Inafaa kukumbuka jambo hili lilianzaje. Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia Harvard na wanafunzi wakimsifu. Mwaka 1990 akawapa jaribio la maswali mepesi kuhusu nguvu na mwendo, yasiyohitaji hesabu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyoyaona mambo? Matokeo yalimduwaza mwalimu. Watu waliokokotoa milinganyo mirefu bila kutoa jasho walikwama kwenye lori linalogongana na gari dogo, wasijue lipi linamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi. Nguvu ni sawasawa. Hata wewe msomaji huenda umesita.

Kuanzia 1991 akabadili mtindo. Anaeleza kidogo, anauliza swali, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura. Waliopata wakiwa chini ya theluthi, anarudi kueleza upya. Wakizidi asilimia sabini, anasonga mbele. Wakiwa katikati, anawaambia: geukieni jirani aliyejibu tofauti na ninyi, mshawishini. Ukumbi unalipuka kelele kwa dakika mbili, kisha wanapiga kura ya pili, na kwa kawaida waliopata wanaongezeka. Linalosahaulika ni kwamba mwanzoni hapakuwa na kirimoti. Watu walinyoosha mikono, baadaye wakainua kadi, na vifaa vya umeme vikafuata.

Je, vilipokuja viliongeza nini? Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia kule Montreal, alichapisha ulinganisho wake mwaka 2008: kundi moja lilitumia virimoti, jingine kadi, na ufundishaji ulikuwa uleule. Katika kile walichojifunza hakuona tofauti ya maana. Mwaka uliofuata Michelle Smith na wenzake wa Colorado walionyesha katika jarida la Science kwamba mazungumzo na jirani huinua uelewa hata pale ambapo hakuna hata mmoja katika kikundi aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni. Huo ndio ugunduzi ninaoupenda kuliko yote, maana unamaanisha kwamba wanafunzi hawanakiliani tu, wanafika mahali pamoja. Tena mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati: katika mihadhara ya kusikiliza tu walioshindwa walikuwa asilimia 34 hivi, na mwanafunzi akishirikishwa kwa njia moja au nyingine, asilimia 22. Chuo kinachonunua virimoti bila kubadili namna ya kuuliza kinalipia sehemu ile isiyofundisha.

Kwa watu wa pwani ya ziwa letu, zile dakika mbili za kelele zina thamani ambayo Harvard hawakuwa na haja ya kuifikiria. Mhadhara ni wa Kifaransa. Mwanafunzi akimgeukia jirani yake anasema Kirundi, na kama wote wawili wametoka Rumonge, huenda ni Kiswahili. Mji huo wa bandari, mawese na dagaa umejaa familia zilizokimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka 1972 na kurudi miaka thelathini baadaye au zaidi, na watoto wao walianza kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba au Mishamo, kwa Kiswahili. Kijana wa nyumba kama hiyo anaweza kuwa amezielewa tabaka za maji vizuri kumshinda aliyekaa mbele yake, lakini akakosa kitenzi cha kusimama nacho mbele ya watu mia mbili. Kadi haimdai sarufi. Anainua C kifuani, mhadhiri anaiona, kisha anamweleza mwenzake kwa lugha anayoimudu kwa nini upepo ni muhimu. Ndiyo maana nina shaka na zana kama Kahoot! zinazomwongezea alama anayejibu upesi. Katika ukumbi wa Bujumbura kasi hiyo itapima zaidi nani anasoma Kifaransa haraka.

Habari ya umeme na intaneti nitaipita upesi, kwa sababu kila mtu anaijua. Takriban Mrundi mmoja kati ya kumi ndiye mwenye umeme nyumbani. Mradi wa mabwawa ya Jiji na Mulembwe kule kusini, wa megawati 49.5, umekusudiwa kupunguza giza, lakini mwanafunzi anayehesabu megabaiti zake hatazimaliza kwa kura za asubuhi. Kuna tofauti nyingine isiyotajwa sana: mwaka 2020, majirani walipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, Burundi haikufunga. Wahadhiri wa Nairobi na Kampala walisukumwa mtandaoni wapende wasipende, wakajifunza huko mema na maudhi yake. Wetu hawakusukumwa. Kwa hiyo anayependekeza simu leo anadai pia mafunzo ambayo wenzetu walikwisha kuyalipia kwa shida yao.

Ikishurutishwa kuwa simu, basi iwe ya kitochi. Eneza Education ya Kenya ilithibitisha kwamba maswali ya kujipima yanaweza kumfikia mwanafunzi kwa ujumbe mfupi bila intaneti, na U-Report, iliyoanzishwa na UNICEF nchini Uganda mwaka 2011, imekuwa ikikusanya maoni ya vijana kwa njia hiyohiyo. Anayetuma pesa kwa Lumicash au EcoCash anajua tayari kubonyeza nyota, namba na alama ya reli. Njia hii ingewafaa hasa walimu walioko kazini, wanaosomea shahada wakiwa mbali na chuo. Iko pia Plickers: kila mwanafunzi ana karatasi yenye mchoro mweusi anayoigeuza upande wa jibu lake, na mhadhiri anapitisha kamera ya simu yake moja juu ya darasa. Ni werevu wa kupendeza, ila seti kubwa ina kadi 63, na ukumbi wetu una watu mia mbili.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kadi inanishinda, na Rumonge ndiyo inayonifundisha. Waliokimbia 1972 waliacha mashamba, mengi yakiwa ya michikichi. Mengine yaligawiwa, mengine yakauzwa na kuuzwa tena. Walipoanza kurudi, mtu alikuta familia nyingine imezaa na kuzika juu ya ardhi ya babu yake. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na maamuzi yake yenyewe yakazua ugomvi mpya. Sasa fikiria darasa la sheria linaloulizwa: aliyenunua shamba kwa nia njema mwaka 1980, alirudishe bila fidia, alirudishe akilipwa, wagawane, au abaki nalo? Hapo jibu lako linaeleza wewe ni mtoto wa nani. Ukiinua kadi, jirani huenda asiione lakini mhadhiri ameiona, na mhadhiri naye ana kwao.

Wauzaji wa programu watasema simu hutunza siri. Sikubali. Namba ya simu ina jina la mtu nyuma yake, na mwanafunzi wa Burundi hahitaji kuambiwa hivyo mara mbili. Kirimoti kina hoja yenye uzito zaidi: virimoti vikichanganywa kapuni mlangoni na kila mtu akiokota chochote, hakuna anayejua kipi kilishikwa na nani, na darasa zima linaona ukutani kwamba waliotaka kugawana ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini vikitumika kuhesabu mahudhurio au kutoa alama, kama vyuo vingi vya ughaibuni vinavyofanya, siri imekufa siku hiyohiyo, na zaidi ya hapo utaona mtu mmoja ameshika vya marafiki watatu walioko mjini. Karatasi iliyokunjwa ikatumbukizwa mfukoni inafanya kazi ileile, kwa dakika kumi badala ya sekunde kumi. Kwa maswali ya maarifa, nakata maboksi yawe kadi. Kwa maswali ya ardhi nakunja karatasi.

Fedha basi ziende wapi? Ziende kwa anayetunga maswali. Lile swali la ndagala linaonekana jepesi, lakini thamani yake imo katika A na B, yale makosa ambayo watu wanayaamini kwa dhati. Huwezi kuyabuni ukiwa ofisini. Inabidi usome majibu ya mitihani iliyopita, ukae na wanafunzi, uzungumze hata na wavuvi, kisha ujaribu swali, likwame, ulirekebishe. Mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa na kukimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine hatafanya kazi hiyo bure, na sioni kwa nini afanye. Alipwe kwa swali kama anavyolipwa kwa saa. Maswali ya ziwa yasiishie Bujumbura pia: Uvira nchini Kongo kuna kituo cha utafiti wa maji, Kigoma kuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, na mamlaka ya ziwa iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 2003 ina makao yake Bujumbura penyewe. Nchi nne zinazovua maji yaleyale zinaweza kuwa na hazina moja ya maswali, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili.

Pingamizi kubwa linalobaki ni muda. Kozi iliyopangiwa saa 45, ikabanwa katika siku chache ili mhadhiri mgeni arudi kwake, haina nafasi ya kelele za dakika mbili mara sita kwa asubuhi. Mazur alitatua hilo kwa kuwataka wanafunzi wasome kabla ya kuja. Wetu watasoma nini? Kitabu ni kimoja maktaba, na kinachozunguka ni silabasi ya fotokopi yenye kurasa themanini. Basi watolewe kurasa nne za kusomwa usiku kwa ajili ya kesho yake, na silabasi ikubali kupungua. Hilo haliko mikononi mwa mhadhiri peke yake. Mkuu wa idara atakapouliza kwa nini sura ya sita haikufikiwa, mhadhiri awe na hesabu ya kadi za kila siku ya kumwonyesha, na mkuu wa idara awe amekubali kabla muhula haujaanza kwamba hesabu hiyo ni sababu ya kutosha.