MASTAA WA KUKU WAFUPI, WAAMBIENI WATU WA KILWA UKWELI!

Kuna kiki mpya mjini, wadau. Sio gari, sio nguo, ni kuku. Kale kakuku kafupi ka Kijapani kanakoitwa chabo, tumbo linakaribia kugusa chini, mkia umesimama kama tanga la jahazi. Yule dada wa muvi asiyekosa kuposti bustani yake anao. Mkali mmoja wa singeli naye kapiga nao picha. Sasa wote wamegeuka wafanyabiashara: "Jozi zipo, njoo inboksi, mikoani tunatuma."

Kupenda kuku mzuri sio kosa. Pwani watu wanamjua kuchi tangu enzi za mababu, na jogoo wake akipita barazani hata wacheza bao wanageuza shingo. Kosa ni kile mastaa wanachokificha.

Ukweli uko hivi. Chabo mwenye miguu mifupi anabeba kinasaba kimoja cha ufupi na kimoja cha kawaida. Mwenye viwili vya ufupi humkuti akitembea, kwa sababu kifaranga anayerithi viwili anafia ndani ya yai. Ukipandisha mfupi kwa mfupi, katika mayai 12 yenye mbegu, kwa wastani 3 yanakufa, 6 yanatoa vifaranga wafupi na 3 yanatoa wa miguu mirefu. Robo ya mayai imeondoka hata kabla ya kicheche na mwewe!

Sasa mchukulie kijana wa Nangurukuru. Kauza ufuta, katuma hela ya jozi, bei ya mbuzi kabisa. Kuku wanapakiwa kwenye basi Dar, karibu kilomita 300 ndani ya boksi na joto lile. Mtetea anaatamia, mayai mengine kimya. Akiuliza, staa anamjibu, "Utakuwa umeyatikisa." Akisema kuna vifaranga warefu, anaambiwa mtetea wake kachepuka na jogoo wa jirani. Hapo jirani ananuniwa bure, na bibi anaanza kutafuta nani ana kijicho. Kumbe mchawi ni hesabu ambayo muuzaji kaikalia kimya.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi. Mpandishe mfupi na chabo mwenye miguu mirefu: kwa wastani nusu wanatoka wafupi, nusu warefu, na hakuna anayekufa kwa ajili ya kinasaba hicho. Yaani wale warefu wanaoitwa "waliofeli" na kuishia kwenye sufuria ndio wachumba halali wa hao wafupi. Mbona hawauzwi hivyo? Kwa sababu picha ya wafupi wawili ndiyo inayoleta laiki, na mrefu hana bei.

Halafu kuna mdondo. Kuku mmoja akishuka nao stendi, kuku wa mtaa mzima wanaweza kuisha, wakiwemo wa mama ambaye hata simu janja hana. Chanjo ya I-2 ipo, tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Ni mastaa wangapi wanaposti tarehe ya chanjo? Wanaposti kucha tu.

Watetezi wao watasema, "Kwani alilazimishwa kununua?" Hakulazimishwa. Ila kuuza kitu unachojua kasoro yake na kunyamaza, pwani inaitwa ghushi, hata kama muuzaji ana tiki ya bluu.

Kwa hiyo staa, ukiuza, uza mfupi pamoja na mrefu, taja robo ya mayai kabla hela haijatumwa, na onyesha tarehe ya chanjo. Ukishindwa, baki na muziki wako. Na wewe wa Kilwa, Lindi hadi Mchinga, usiposikia hayo matatu, funga inboksi, hela ya ufuta ikae mfukoni.

Mdau, ushawahi kupigwa na kuku wa mastaa? Dondosha komenti hapo chini, majina tuyaache.