Taa ya Mwenzako Si Ruhusa

Likizo za shule zinapowadia, jamaa wengi wa pwani hufunga safari za bara kuwazuru ndugu, na miongoni mwao wako waendao Nakuru na miji iliyo mbele yake. Ni mwendo wa takriban kilomita 640 kutoka Mombasa, kwa barabara kuu ya A8 ambayo mwisho wake ni Malaba, mpakani mwa Uganda. Juma hili twapenda kuzungumza na madereva wa familia zetu, pamoja na vijana wetu waendeshao malori ya mizigo ya bandarini, juu ya taa za ishara, au indiketa kama wasemavyo wenyewe.

Wengi wetu tulifundishwa ishara hizi mbele ya ubao wa mji wa mfano, wenye vigari vya kuchezea na mzunguko wa barabara katikati. Aingiaye mzunguko humpisha atokaye kuliani kwake. Akienda kushoto, huwasha taa ya kushoto tangu mwanzo. Akienda kulia, huwasha ya kulia, na akisha kuipita njia iliyo kabla ya yake, huwasha ya kushoto ili atoke. Aendaye mbele haashirii kitu anapoingia. Huashiria kushoto anapotoka. Mkaguzi akauliza, tukajibu, tukapata leseni.

Barabarani, hata hivyo, mna lahaja. Katika mizunguko yetu hapa nyumbani, Makupa na Changamwe, wako wazungukao bila taa yoyote, na wako waachao taa ya kulia ikiwaka mpaka wametoka. Ukivuka mpaka, mzunguko wenyewe hugeuka. Uganda na Tanzania hupita kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na Oman waliko jamaa zetu wengi ni vivyo hivyo: magari huzunguka kwa upande wa pili, na wa kutazamwa anapoingia mtu ni atokaye kushoto.

Lahaja hizi hukutana katika Bonde la Ufa. Baina ya Naivasha, Gilgil, Nakuru, Salgaa na Mau Summit hupita malori ya Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, yakijikongoja milimani huku magari madogo yakipanga foleni nyuma yake. Aliye nyuma haoni mbele, na hapo ndipo dereva wa lori huanza kusema naye kwa taa. Akiwasha ya kulia, amesema, "Usipite, kuna gari linakuja." Akiwasha ya kushoto, amesema, "Njia ni nyeupe, pita." Ni ihsani ya wasafiri, na wengi wamenufaika nayo.

Taabu ni kwamba taa ile ile ina maana yake ya asili. Ya kulia yaweza kuwa kwamba lori lenyewe lataka kulipita jingine, au lakata kuingia kituo cha mafuta kilicho ng'ambo. Aliyeidhani kuwa ni onyo la kitambo tu, akajitosa alipoona njia tupu, atalikuta ubavuni mwake. Ya kushoto yaweza kuwa kwamba lori lasimama. Na katika nchi zipitazo kulia, katikati ya barabara ni kushoto kwa dereva, kwa hiyo mazoea haya hupinduka: taa iliyokuwa ya kukataza huwa ya kuruhusu. Aliyekaa majuma mawili Kigali au Goma, kisha akarudi usiku na uchovu wake, hatujui ataisoma kwa lahaja ipi.

Taa kubwa za mbele nazo zina mushkeli wake. Huku kwetu, anayekumulikia kutoka mbele huenda akakuonya juu ya hatari au askari walioko njiani, au akakwambia, "Naja, usiingie." Uingereza, wengi huichukua kuwa ni "Pita wewe," ingawa kanuni za barabara za huko zasema humulikwa kwa jambo moja tu: kumjulisha mwenzako kwamba upo.

Haya si ya kupuuzwa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso pale Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafariki. Baadaye sehemu ile iliwekewa kizuizi cha zege katikati. Palipo na kizuizi, hakuna haja ya kuuliza nani anakuja. Pasipo nacho, swali hilo hulijibu wewe.

Kwa hiyo twausia kwamba taa ya mwenzako ichukuliwe kuwa ni habari, isichukuliwe kuwa ni ruhusa. Dereva wa lori hajui nguvu ya gari lako wala idadi ya watoto uliowapakia. Huenda ishara ile alimpa aliyekutangulia, na ilipokufikia wewe njia ilikwisha kuziba. Kaa mbali na lori upate kuona pembeni yake, subiri mstari uliokatika, na usitoke mpaka umeona kwa macho yako. Kwenye mzunguko, tazama mwendo wa gari na magurudumu yake ya mbele kabla ya kuiamini taa. Nawe usimwite mtu apite usiyeweza kumdhamini. Washa taa yako kwa maana ile tu uliyofundishwa.

Abiria nao wana wajibu. Neno la mama aliyeketi nyuma, "Mwanangu, taratibu, hatuna haraka," limewahi kuokoa safari nyingi. Wenyeji wetu wa Nakuru watatungoja hata tukichelewa saa nzima. Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walioko njiani, na awarejeshe kwa ahali zao.