Jiko Gani Linafaa Mahali Pasipotakiwa Moshi?

Ndugu na dada, na ninyi mnaongoja zamu yenu mbele ya chumba cha munganga, neno la leo ni neno la jikoni. Msiseme kwamba linahusu akina mama peke yao. Moshi hauulizi ni nani aliyewasha moto. Humwingia kila mtu aliye karibu.

Kuna mahali ambapo moshi hautakiwi kabisa. Mahali pa kwanza ni chumba analolala mtoto mchanga. Pa pili ni chumba cha mama mwenye mimba. Pa tatu ni kiwanja cha hospitali, chini ya madirisha ya wagonjwa wa kifua na ya watoto, ambapo jamaa wanaolinda mgonjwa hupika maharagi yao. Pa nne ni nyumba ndogo ambamo jamaa mbili au tatu wanakaa chini ya bati moja. Tangu 2014 watu wengi wa upande wa Beni wamekimbia mauaji, wakapokelewa na ndugu zao, na mahali palipokuwa na moto mmoja leo pana mioto mitatu.

Watu wengi huchagua jiko kwa kutazama bei, au kwa kutazama kama linakula kuni kidogo. Mambo hayo ni mazuri. Lakini mimi nasema kwamba swali la kwanza ni lingine: moshi wake unakwenda wapi? Jiko linaloleta faida ya kuni, na moshi wote ukabaki ndani ya nyumba, halijamfaa mtoto.

MOSHI NI KITU GANI?

Moshi ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua vizuri. Ndani yake mna vumbi dogo sana, lisiloonekana moja moja kwa macho. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko chembe ya vumbi hilo mara 20 na zaidi. Kwa hiyo halizuiwi na pua wala koo. Linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na sehemu nyingine inaingia katika damu. Linaleta nimonia kwa watoto, kifua kisichopona kwa wazee, ugonjwa wa moyo, na kansa ya mapafu. Tena linadhuru macho ya mama anayeinama kupuliza moto kila siku.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa nyumbani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5.

Tukumbuke Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikufa. Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Siku zile tulijifunza kunawa mikono mlangoni kwa ajili ya adui tusiyemwona. Moshi tunauona kwa macho, tunatoa machozi mbele yake, hata hivyo tunaketi nao kama mgeni wa kila siku. Je, hilo ni jambo la akili?

HATA MIJI MIKUBWA ILIONYWA

Wengine wanasema, “Haya ni maneno ya kuwasumbua maskini.” Sivyo. Mwezi wa Desemba 1952 mji wa London, Uingereza, ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilisema watu kama 4,000 walikufa. Waliohesabu baadaye waliona kwamba walikuwa wengi zaidi. Katika mwaka 1956 serikali yao ilitunga sheria ya kuweka mitaa isiyoruhusiwa moshi. Hata leo, mwenye kukaa katika mtaa wa namna hiyo hawezi kuchoma kuni ndani ya nyumba ila kwa jiko lililopimwa na kukubaliwa.

Jirani zetu pia wameanza. Tanzania ina mpango wa miaka 2024 mpaka 2034, ili watu 80 katika kila 100 wapike kwa njia safi, na shule na nyumba nyingine zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na makala. Sisi hatujapata sheria ya namna hiyo katika vijiji vyetu. Lakini baba wa nyumba hahitaji kungoja sheria ili amwondoe mtoto wake katika moshi.

MAKALA SI KIMBILIO

Mtu akichoka na moshi wa kuni, mara nyingi hununua mbabula na gunia la makala. Ni kweli, makala hayatoi moshi mwingi. Lakini yanatoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo inashika damu mahali pa hewa njema, na mtu analala bila kuamka. Hapa kwetu usiku una baridi. Butembo peke yake uko juu zaidi ya mita 1,700. Kwa hiyo kuna watu wanaoingiza mbabula katika chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha. Msifanye hivyo hata siku moja, hata kama makala yamebaki mekundu kidogo tu. Mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika katika chumba chenye mbabula atolewe nje upesi na kuletwa hospitali.

Tena, fikirini msitu. Katika tanuru ya kawaida, kilo 100 za kuni zinatoa makala ya kilo 10 mpaka 20 tu. Makala mengi katika masoko ya Kivu ya Kaskazini yametoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, na kukata miti humo kunakatazwa na sheria. Kuni za mkaratusi uliopandwa shambani kwako, zikiwa kavu, ni njia bora kuliko makala ya msitu.

ALAMA ZA JIKO JEMA LA KUNI

Ukienda kununua jiko, au kumwita fundi wa kujenga, angalia mambo haya:

1. Mdomo wa kuni uwe mdogo. Kwa sufuria ya jamaa, upana wa sentimeta 12 unatosha. Mdomo mkubwa unakaribisha magogo, na magogo yanaleta moshi.

2. Kuni zilale juu ya kibao cha chuma au cha udongo, na hewa ipite chini yake. Moto usiopata hewa hutoa moshi.

3. Njia ya moto iwe kama pembe: kuni zinaingia kwa upande, miali inapanda juu kwa njia nyembamba. Katika njia hiyo ya moto mkali, moshi wenyewe unaungua kabla ya kufika kwenye sufuria. Namna hii ilianza kufundishwa na Mmarekani Larry Winiarski katika miaka ya 1980, na leo inajengwa katika nchi nyingi.

4. Kuta za njia ya moto zisile joto. Udongo mzito peke yake unakula joto la moto. Mafundi wanachanganya udongo na unga wa mbao. Ukichomwa, unga unaungua na kuacha matundu madogo yanayozuia joto. Wengine wanaweka kuta mbili na kujaza majivu makavu katikati.

5. Sufuria ikae vizuri, ikizungukwa na ukuta mfupi, na nafasi ya kama sentimeta 1 ibaki pande zote. Ikiwa nafasi ni kubwa, joto linakimbia. Ikiwa hakuna nafasi, moto unazimika na moshi unarudi.

6. Liwe na bomba la kutoa moshi nje, lipite juu ya bati. Bomba lisafishwe masizi kila mwezi. Mahali bomba linapopita katika bati au majani, pawekwe kinga ili nyumba isiungue.

Kama muuzaji anasema jiko lake limepimwa, mwulize ngazi yake. Tangu 2018 kuna kipimo cha mataifa yote chenye ngazi 0 mpaka 5. Kwa vumbi la moshi, ngazi ya 4 na ya 5 ndizo zinazohesabiwa kuwa safi kwa afya. Nisiwafiche: majiko mengi ya kuni, hata yaliyojengwa vizuri, hayafiki hapo. Mwenye uwezo wa gesi au umeme apike kwa hivyo, maana ni safi zaidi. Lakini wengi wetu tutapika kwa kuni kesho na kesho kutwa, na kupunguza moshi ni bora kuliko kukaa bure tukingoja umeme.

JIKO PEKE YAKE HALITOSHI

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Huko Malawi waganga walifuata watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka 5. Jamaa wengine walipewa majiko ya kuni yenye kipepeo cha umeme wa jua. Wengine waliendelea na moto wa wazi. Habari ilitangazwa mwishoni mwa mwaka 2016: nimonia haikupungua. Kwa nini? Waganga walisema watoto waliendelea kuvuta moshi mwingine, wa takataka, wa tumbaku, na wa moto wa jirani. Lakini huko Guatemala, ambako nyumba zilipewa majiko ya kuni yenye bomba, habari iliyotangazwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba nimonia kali ilipungua karibu theluthi moja.

Mimi nachukua mafundisho mawili katika habari hizo. La kwanza, bomba la kutoa moshi nje si pambo. La pili, nyumba moja haiwezi kujiponya peke yake. Ukiwa na jiko jema, na jirani anachoma takataka chini ya dirisha lako, mtoto wako bado anavuta moshi. Ukiwa na jiko jema kwa chai, na mafiga matatu kwa maharagi, umepunguza nusu tu ya taabu. Kwa hiyo kijiji kizima, au akina mama wote wa kanisa, wakubaliane pamoja.

Na kuni ziwe kavu. Katika mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito ni maji. Pasua kuni nyembamba, zipange chini ya paa penye upepo, zikae miezi kadhaa. Gonganisha vipande viwili: vikilia kwa sauti kali, vimekauka, vikitoa sauti nzito, bado. Kuni mbichi zinaharibu sifa ya jiko lililo bora.

MANENO AMBAYO WATU HUJIBU

“Moshi unafukuza mbu.” Chandarua kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hakimpi mtoto kikohozi.

“Moshi unakausha mahindi na kulinda paa.” Basi, mahindi na yawe na ghala lake. Mtoto si gunzi la mahindi, hata akaushwe juu ya moto.

“Tunahitaji moto kwa baridi.” Ni kweli, na hatuwacheki wanaosema hivyo. Lakini jiko la udongo lenye bomba linatoa joto bila kutoa moshi ndani, na blanketi moja halimdhuru mtu.

“Jiko ni ghali.” Hapa nawaambia akina baba. Mnapopata pesa ya kahawa au ya viazi, mnanunua simu na mabati. Jiko la udongo lahitaji udongo, majivu, unga wa mbao, kipande cha bomba na siku chache za kazi. Hesabu pia kuni ambazo hutanunua, na dawa za kifua ambazo hutalipa. Mama ndiye anayeketi mbele ya moto, lakini mara nyingi pesa iko mfukoni mwa baba. Mkate shauri pamoja, na mama aseme kwanza sufuria yake ni ya ukubwa gani na anapika bugali kwa namna gani. Jiko lililochaguliwa bila mpishi litageuka kiti cha kuku.

TUANZE WAPI?

Tuanze mahali penye wadhaifu wengi. Maoni yangu ni kwamba kila hospitali na kila kituo cha afya wawe na jikoni moja ya wanaolinda wagonjwa, mbali na madirisha, upande ambao upepo unapeleka moshi nje, yenye majiko ya mabomba na ghala la kuni kavu. Wageni watapika humo wiki mbili, watazoea, nao watarudi nyumbani na maarifa. Haifai tumpe mtoto dawa ya nimonia ndani, kisha tumpepee moshi kwa dirishani.

Halafu kila nyumba ifanye mambo manne juma hili, hata kabla ya kupata jiko jipya: mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto, dirisha la jikoni lifunguliwe, au tundu litobolewe juu ya ukuta, kuni zianikwe, mbabula isilale chumbani. Mambo hayo hayaombi pesa. Baada ya hapo mkutane, baba na mama, mchague jiko.