Nauli ya Maiti

Katika karne ya 18, maelfu ya Wajerumani wasio na nauli walivuka Atlantiki kwenda Pennsylvania kwa mkopo wa wafanyabiashara wa Rotterdam. Wapo wanaowasifu wakopeshaji hao: bila wao, maskini wa bonde la mto Rhine asingeiona Philadelphia. Ni kweli. Lakini mimi nauliza hasara ilimwangukia nani safari ilipoharibika.

Fedha zilianza kumwishia msafiri kabla hajaiona bahari. Gottlieb Mittelberger, mwalimu aliyesafiri mwaka 1750, alihesabu vituo 36 vya ushuru kutoka Heilbronn hadi Uholanzi, na kila kituo kilimchelewesha. Wengi walifika Rotterdam akiba imekwisha. Huko walipokelewa na kampuni kama za akina Hope na Stedman, zilizokuwa na meli za kujaza na mawakala waliolipwa kwa kila kichwa walichokileta.

Philadelphia, aliyelipa alishuka. Mdaiwa alibaki melini hadi apatikane mtu wa kumlipia nauli, kisha amtumikie mtu huyo miaka kadhaa. Watoto wengi walitumikia hadi umri wa miaka 21. Haukuwa utumwa aliofungwa nao Mwafrika katika koloni hilohilo, kwa maana mkataba huu ulikuwa na mwisho. Hata hivyo, Mittelberger anaeleza sharti ambalo kwangu halina utetezi: mume au mke akifa baada ya nusu ya safari, aliyebaki alidaiwa nauli ya wote wawili. Mjane alishuka na deni la maiti iliyozikwa baharini.

Watetezi hujibu kwamba mgonjwa hakupata mnunuzi, hivyo mwenye meli alitaka abiria wazima. Hoja hiyo ina uzito, ila inashindwa na hesabu: kila abiria aliyeongezwa aliongeza mapato, na waliofia njiani baada ya nusu ya safari bado walilipiwa na ndugu zao. Ndiyo maana meli zilisongamana.

Soko halikujirekebisha lenyewe. Ilibidi Pennsylvania itunge sheria mwaka 1750 kumhakikishia abiria nafasi ya kulala, ambayo upana wake ulikuwa inchi 18 tu. Wajerumani wa Philadelphia waliunda chama cha kuwatetea wageni mwaka 1764, na mwaka uliofuata sheria ikakazwa. Lakini wimbi kubwa kabisa, la watu zaidi ya 30,000, lilikuwa limekwisha kupita kati ya 1749 na 1754.