Amani ya Hodhi Haiji Yenyewe

Wengi hudhani kwamba samaki wapole wakikusanywa katika hodhi moja la kioo, amani itakuja yenyewe. Sisi twaona sivyo. Mtoni, samaki anayesumbuliwa hukimbia. Kati ya vioo vinne hana pa kukimbilia. Basi aliyemtia humo amejitwalia kazi ya mto, naye ndiye anayedaiwa amani hiyo.

Tuanze na maji kabla ya rangi. Nchi yetu imejaliwa maji yasiyofanana. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye madini mengi, na pH yake hukaribia 9. Mito mingi ya msitu katika bonde la Kongo ina maji laini, yenye uchachu kidogo. Cyprichromis leptosoma wa ziwani na tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, wote ni wapole na huogelea kwa makundi. Hata hivyo, kuwaweka pamoja ni kumtesa mmoja ili mwingine astarehe. Hawatapigana, mmoja atadhoofika kimya kimya, nasi tutauita ukimya huo amani.

Pili, tutazame idadi na nafasi. Tetra wa Kongo hufikia sentimita 8 hivi, naye ahitaji wenzake: wasipungue 6, katika hodhi refu la lita 200 hivi. Akikosa kundi, huishi kwa hofu, akijificha, na rangi zake hufifia. Jirani amfaaye ni Synodontis nigriventris wa bonde hilohilo, yule aogeleaye tumbo likiwa juu. Mchana tetra hushika maji ya kati, naye hujibanza chini ya kipande cha mti. Usiku hutoka kutafuta riziki. Kwa hiyo atengewe chakula taa ikiisha kuzimwa, la sivyo tetra watakimaliza chote. Mpole naye aweza kufa njaa kati ya wapole.

Tatu ni subira. Uchafu wa samaki huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji majuma kadhaa ili waongezeke. Anayelijaza hodhi kwa siku moja huwaua wageni wake kwa haraka yake. Tena, umeme ukikatika kichujio husimama na hewa hupungua majini. Hivyo katika miji yetu ni heri samaki wachache kuliko wengi.

Wengine watasema kwamba haya ni masharti mengi mno kwa viumbe vidogo. Twajibu: samaki hakuomba kuletwa nyumbani. Asiyeweza kumpa maji yake, wenzake na mahali pake, na amwache mtoni.