Rangi, Ladha na Harufu



Maswali tuliyoletewa miezi hii aghalabu yamekuwa juu ya maji. Je, maji ya mfereji ya Guangzhou yafaa kupewa mtoto? Je, ile harufu ya dawa ni sumu? Je, kuna haja ya kununua chupa kubwa tatu kila wiki ilhali biashara imelegea? Na mzazi mmoja akauliza juu ya ile gesi iitwayo radoni, kwamba yaweza kuingia nyumbani pamoja na maji au la. Tumeonelea tuyajibu yote mahali pamoja, kwa kuwa shina lake ni moja.

Sote tulifunzwa chuoni, tungali wadogo, kuwa maji hutazamwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, maji yaliyofikia kulataini, yaani kadiri ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hakuna sifa katika hizo tatu iliyobadilika. Hukumu hiyo ni ya tohara, nayo yatosha kwa tohara. Lakini imezoeleka majumbani hata ikafanywa kipimo cha afya pia: maji yakiwa meupe, hayana ladha wala harufu, husemwa kuwa ni mazuri, yakinuka klorini, hukimbiwa. Kwa afya, kipimo hicho hakifiki mbali.

Tuanze na mto. Mji wa Guangzhou hunywa mito, si visima: Dongjiang kwa upande wa mashariki, Beijiang na Xijiang kwa upande wa kaskazini na magharibi. Zamani mitambo ya magharibi ilivuta maji karibu na mji wenyewe, mahali ambapo mto ulikuwa umechafuka. Mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika hapa mwezi wa Novemba, ulikamilishwa mradi wa kuyaleta maji ya Xijiang kutoka Sanshui kwa mabomba makubwa hadi mitambo ya Xicun, Shimen na Jiangcun. Na tangu Aprili 2023 China nzima yafuata kanuni mpya ya maji ya kunywa, yenye vipimo 97. Basi maji yatokapo mtamboni ni maji yaliyopimwa, wala si haki kuyatuhumu kwa kuwa tu ni ya nchi ya kigeni.

Hatusemi kuwa mto hauna hatari. Mwezi wa Desemba 2005 kiwanda cha kuyeyusha madini huko Shaoguan, kaskazini mwa mkoa huu, kilimwaga kadmiamu katika Beijiang, na miji iliyo chini ya mto ikaingiwa na hofu kubwa. Kadmiamu ikishayeyuka majini haina rangi wala harufu. Huonekana maabara tu.

Ama harufu ya klorini, hiyo ndiyo inayowatia watu wengi shaka, na kwa hakika ndiyo iliyo na heri zaidi. Klorini ni mlinzi anayesafiri pamoja na maji ndani ya bomba ili vijidudu visizaliwe njiani. Kanuni ya hapa yataka kiasi kidogo chake, kisichopungua miligramu 0.05 kwa lita, kiwe kingalimo hata maji yafikapo mwisho wa bomba. Ukiyaacha maji katika mtungi usiku kucha, au ukiyachemsha, harufu hiyo huondoka. Maji ambayo hayakuwa na harufu hata kidogo tangu mferejini huenda yamekwisha kumpoteza mlinzi wake, na mahali yanapompotezea ni penye kujulikana: ni juu ya paa.

Nguvu ya bomba la barabarani hupandisha maji ghorofa chache tu. Zilizo juu zaidi hulishwa na tangi la chini lenye pampu, au tangi la paani, na tangi hilo haliko mikononi mwa mtambo bali mwa mwenye nyumba. Mitaa kama Dengfeng, ambako majumba yamesongamana hata madirisha yanapeana mikono, imejaa matangi ya namna hii. Tulipanda pamoja na wapangaji wa jengo moja la ghorofa nane, tusilolitaja, tukakuta tangi la zege ambalo kifuniko chake ni kipande cha bati kilichokandamizwa kwa tofali. Chini mlikuwa na tope laini la rangi ya chai, kimo cha kidole, na manyoya ya njiwa pembeni. Maji ya juu ya tope hilo yalikuwa meupe kabisa. Yalizidi kulataini mara nyingi, na hakuna sifa iliyobadilika. Wapangaji wakaulizana kama udhu wao ulikuwa sahihi, nasi hatukuona sababu ya kuwatia wasiwasi kwa hilo. Lakini kumkorogea mtoto mchanga maziwa kwa maji yale ni jambo jingine.

Taratibu za hapa zataka tangi la aina hii lioshwe na kutiwa dawa angalau mara moja kila nusu mwaka. Kwa hiyo mpangaji ana haki ya kuuliza swali moja tu: tangi lilioshwa lini? Twajua kwa nini wengi hawaulizi. Mkataba waweza usiandikwe upya, na bila mkataba kuandikisha makazi polisi ni taabu, na mtu mwenye familia hataki ugomvi kwa ajili ya tope. Lakini jirani Mchina anakunywa maji hayo hayo. Katika jengo tulilolisema, aliyekwenda kwa mwenye nyumba hakuwa mmoja wetu, bali bibi mmoja wa ghorofa ya sita mwenye mjukuu, nao wapangaji wa Kiafrika wakafuatana naye kimya. Tangi lilioshwa juma lile lile. Pasipo na bibi kama huyo, iko simu ya serikali ya mji, 12345, ambayo hupokea malalamiko ya maji.

Baada ya tangi huja bomba la ndani. Majengo ya zamani yana mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, na viungo au mifereji ya shaba yenye risasi ndani yake. Risasi ni adui wa akili ya mtoto, na wataalamu hawajui kiasi chake kilicho salama. Nayo haina rangi, wala ladha, wala harufu, wala haiondoki kwa kuchemsha. Wenyeji wa Guangzhou huchemsha kila tone wanywalo, nasi twaisifu desturi hiyo kwa kuwa huua vijidudu. Lakini maji yenye risasi yakichemshwa sana hupungua, na risasi hubaki palepale.

Dawa yake haina gharama. Maji yaliyolala bombani usiku ndiyo yaliyonyonya risasi na kutu. Katika nyumba zetu mtu wa kwanza kufungua mfereji ni yule aamkaye kutawadha kwa sala ya Alfajiri. Basi maji hayo ya kwanza yawe ya udhu, kisha ndipo birika lijazwe. Ila aangalie anayetawadhia chooni: bomba la jikoni ni tawi jingine, nalo lifunguliwe dakika moja au mbili, na maji yake yakingwe kwa ndoo ya kudekia. Maji ya kupikia yachukuliwe ya baridi, yasichukuliwe ya hita hata kama mkono waona raha.

Chupa kubwa za lita 18.9 hatuzikatazi. Twasema tu kuwa chupa iliyofunguliwa ikakaa mwezi mzima, juu ya kifaa kisichooshwa tangu kinunuliwe, haiwezi kuitwa maji safi kwa sababu imelipiwa.

Sasa tuje kwa radoni. Hii ni gesi inayozaliwa ardhini, urani iliyomo katika mawe inapooza polepole. Huyeyuka katika maji ya visima virefu, hasa vilivyochimbwa katika mawe ya granaiti. Bali maji ya mto huiachia hewani kabla hayajafika mtamboni. Kwa hiyo jibu la mzazi yule ni kwamba hapa Guangzhou mlango wake si mfereji. Mlango wake ni sakafu: nyufa, matundu ya mabomba, na udongo ulio chini ya nyumba. Ikiingia ndani na madirisha yamefungwa, hujikusanya. Mtu huivuta pamoja na vumbi, nayo huyachoma mapafu kidogo kidogo kwa miaka. Shirika la Afya Duniani laihesabu kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya tumbaku. Na kwa mvutaji hatari yake ni takriban mara 25 ya asiyevuta, jambo ambalo twawaandikia akina baba.

Dunia ilizinduka mwaka 1984. Mhandisi mmoja wa Pennsylvania, Marekani, Stanley Watras, alikuwa akipitia kipima mionzi katika kituo cha nishati ya nyuklia alikofanya kazi, nacho kikilia, ilhali kituo hicho kilikuwa hakijaanza kazi. Ilibainika kuwa mionzi aliichukua nyumbani kwake.

Mkoa huu wa Guangdong sehemu yake kubwa imekaa juu ya granaiti. Huko Yangjiang, kusini-magharibi, wanasayansi wamekuwa wakichunguza mionzi ya ardhi tangu 1972. Chemchemi za moto za Conghua, ambako baadhi yetu huwapeleka watoto wakati wa likizo, hutangazwa kwa sifa ya kuwa na radoni. Saa moja ya kuoga mahali pa wazi si sawa na kulala nayo miaka kumi. Wala yasidhaniwe kuwa ni mambo ya ughaibuni tu: kilima cha Mrima, katika Kwale, kinajulikana kwa udongo wake wenye thoriamu na mionzi iliyozidi ya kawaida. Ila nyumba zetu za pwani zina matundu ya hewa juu ya kuta, na ua, na baraza. Hapa twaishi tumefunga kila kitu: kiangazi kwa ajili ya kiyoyozi, na Februari hadi Aprili kwa ajili ya ule unyevu wauitao huinantian, kuta zinapotoka jasho.

Wanaotushughulisha zaidi ni wanaolala chini: familia iliyopanga duka na kumlaza mtoto nyuma ya mizigo, au katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha. Shirika la Afya Duniani lapendekeza radoni isizidi bekereli 100 katika mita moja ya ujazo, na pasipowezekana isipite 300. Kanuni ya China ya hewa ya nyumbani nayo tangu 2023 ni 300. Kila bekereli 100 zinazoongezeka huiongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Ghorofa ya tano aghalabu haina la kuogopa kutoka ardhini.

Na kwa wafanyabiashara wanaopakia marumaru na granaiti kutoka Foshan kwenda Mombasa na Dar es Salaam: mawe hayo hupimwa mionzi na kuwekwa katika daraja A, B au C. La ndani ya nyumba ni A. Takeni cheti kabla ya kulipa, maana mteja wa huko hatajua la kuuliza.

Kipimo cha radoni hakina njia ya pua wala macho, lakini kifaa chake ni kidogo kama redio ya mfukoni. Kimoja kimenunuliwa kwa michango ya wasomaji. Kitakaa kila nyumba muda wa wiki mbili, chumbani mnamolaliwa, mbali na dirisha, na tarakimu ya usiku mmoja isimtie mtu hofu. Wanaokitaka wamwandikishie jina dada anayegawa jarida hili baada ya sala ya Ijumaa. Watatangulizwa wenye vyumba vya chini.