Dakika 4 na Sekunde 20

Ninyi mliokaa chumba cha pili na cha tatu usiku ule wa mashairi bado mnatudai beti. Ukumbi ulijaa, tukavuta nyaya hadi vyumba viwili vya jirani ili walioko huko waone yanayoendelea jukwaani. Mwenzetu wa mwaka wa kwanza akapanda kughani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipofika ubeti wa sita, picha ikaganda vyumbani. Tukazima vipokezi na kuviwasha, ikarudi, kisha ikaganda tena. Ukumbini alipigiwa makofi. Vyumbani hakuna aliyejua kwamba shairi limekwisha.

Lawama zote tulimtupia mwenzetu aliyeunganisha mitambo, kwa maneno ambayo hatutayarudia hapa. Hakujibu. Alikuwa akitazama saa na kuandika kiganjani: 4:20, 4:20, 4:20.

Swichi huwajua watu wake kwa kuangalia anwani ya mtumaji. Pakiti ikiingilia poti ya 3, swichi huandika kwamba mwenye anwani ile yuko poti ya 3. Lakini anwani ya kundi, yaani zile za kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, haiwi kamwe anwani ya mtumaji. Ni ya kupokelea tu. Swichi haina njia ya kujifunza iko wapi, kwa hiyo hufanya kama mpiga mbiu: humwaga pakiti kwenye poti zote, kwa anayetaka na asiyetaka.

Mwaka 1989 Steve Deering alipoandika kanuni za kurusha kwa kundi, aliweka humo utaratibu wa IGMP, ambao kompyuta hutumia kuiambia ruta, "Nami nimo katika kundi hili." Maneno hayo hayakuwa ya swichi. Swichi za leo huyadukiza. (Kudukiza, yaani kusikiliza ya watu kwa siri, tunaliona linafaa hapa kuliko neno lolote tulilojaribu, walimu watusahihishe.) Ikisikia kwamba aliyeko poti ya 5 amejiunga, humpelekea yeye na wenziwe wa kundi, wengine wakapumzika.

Ila anayejiunga husema anapoingia tu, kisha hunyamaza mpaka aulizwe. Wa kuuliza ni ruta, ambayo kwa kawaida kila baada ya sekunde 125 hupiga hodi: "Nani bado yumo?" Pasipo jibu, swichi huhesabu mizunguko miwili ya hodi na sekunde 10 za kungoja, jumla 260, halafu humfuta. Gawanyeni wenyewe kwa 60.

Mtandao wetu wa usiku ule haukuwa na ruta. Swichi ilikuwa ya kuazima, imesimama peke yake, kudukiza kumewashwa na muulizaji hakuna. Swichi nyingine zikishapoteza orodha hurudia kumwaga kote, na hapo tusingegundua chochote. Yetu ilifunga mlango.

Tungeweza kuzima huko kudukiza na usiku ukapita. Lakini swichi hiyohiyo ilikuwa imechomekwa kisambazaji cha Wi-Fi, na hewani pakiti za kundi kwa kawaida hurushwa kwa mwendo wa kobe. Simu za ukumbi mzima zingekwama. Dawa ni kuipa swichi yenyewe kazi ya kuuliza. Uwezo ilikuwa nao, haukuwa umewashwa tu. Juzi tuliuwasha, tukaelekeza kamera kwenye saa ya ukutani, tukakaa chumba cha tatu tukiitazama saa hiyo kwa saa nzima. Ni kazi ya kuchosha kuliko mtihani wa sarufi, lakini mshale haukusimama.

Ndugu yetu wa mitambo, tulikukosea mbele ya watu, nasi tunakuomba radhi mbele ya watu. Mshairi wetu naye amekubali kurudi Ijumaa na kughani tangu ubeti wa kwanza. Wa chumba cha pili njooni mapema, viti ni 20 tu.